Chuma cha Gari Chakavu kwa Zana za Uhunzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Mafundi wa Tanga

Ukurasa huu ni wa wahunzi, na wanaoanza uhunzi, wa Tanga mjini, Muheza, Pangani na Korogwe, wanaonunua chuma kwa kilo kwa wauza chakavu na kukipeleka kwenye moto wa mkaa. Majibu yote yanasimama juu ya jambo moja: chuma cha gari hakitambuliki kwa kukitazama wala kwa maneno ya anayekiuza. Kwanza uliza kilikuwa kikifanya kazi gani garini, kisha ujaribu kipande kidogo kabla hujachoma gunia la mkaa.

Kwa nini nihangaike na chuma cha gari wakati nondo zipo dukani?

Kwa sababu ya kaboni. Chuma laini cha dukani, yaani bapa, pembe na nondo nyingi, kina kaboni chini ya asilimia 0.3, na chuma cha namna hiyo hata ukichovye vipi kwenye maji au mafuta kikiwa cha moto, hakishiki makali. Springi ya gari ina kaboni kati ya asilimia 0.5 na 0.65, pamoja na kromiamu au silikoni kidogo. Ndiyo maana inabeba mzigo, inapinda kwenye kila shimo la barabara, na inarudi ilivyokuwa kwa miaka. Tezo, shoka na patasi zinataka sifa hiyo hiyo: makali yakae, na zana isivunjike ikipigwa.

Lakini si kila zana inataka chuma kigumu, na hapo ndipo springi nyingi nzuri zinapotea bure. Kifuo cha kufulia nazi, kwa mfano, kinachoma makumbi na kuyapasua tu. Chuma laini chenye ncha nzuri kinatosha kabisa, na kikipinda unakinyoosha. Springi iweke kwa kazi ya makali na mapigo.

Nikifika kwenye lundo la chakavu, niokote nini kwanza?

Anza na springi bapa, zile zinazopangwa moja juu ya nyingine chini ya pikapu na malori. Ndizo zinazopatikana kwa wingi na zinasamehe makosa mengi ya moto. Gari la Kijapani mara nyingi litakuwa na springi ya aina inayoitwa SUP9, yenye kaboni asilimia 0.52 hadi 0.60 na kromiamu asilimia 0.65 hadi 0.95. Ya Kimarekani iliyo karibu nayo ni 5160. Malori ya Ulaya hutumia sana 51CrV4, ambayo ina vanadiamu kidogo. Zote tatu zinafanya kazi kwa namna inayofanana motoni, kwa hiyo usijisumbue sana na majina. Kinachobadilika zaidi ni unene. Springi ya lori ni nene mno kwa kisu au panga. Utamaliza mkaa ukiipunguza. Kwa panga tafuta ya pikapu au ya nyuma ya Hiace. Ya lori iache kwa shoka, tezo na sururu.

Cha pili ninachokitafuta ni fimbo ya msokoto ya mbele ya Toyota Hiace za zamani, zilizokuwa daladala zetu. Gari hizo mbele hazina springi za koili. Zina fimbo mbili ndefu za mviringo zilizolala chini ya sakafu, na fimbo hiyo inajisokota kila tairi linapopanda. Ni chuma cha springi, ni mviringo, na tayari kimenyooka. Kwa tindo, patasi na vitoboleo sijaona kinachoipita kwa urahisi wa kazi. Wauzaji wengi hawaitambui na wanaichanganya na vyuma vya kawaida, kwa hiyo itazame vizuri: mwishoni ina meno madogo yaliyochongwa kuzunguka kichwa chake.

Springi za koili ni chuma cha jamii hiyo hiyo, kazi yake ya ziada ni kuinyoosha tu. Pasha sehemu moja moja, chomeka ncha kwenye jiliwa, vuta.

Hafu shafti za lori, yaani zile fimbo zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye matairi, zina kaboni ya kati, mara nyingi karibu asilimia 0.4 hadi 0.5. Hazifai kisu, ila kwa nyundo ni nzuri mno. Ngozi yake ya nje mara nyingi imegumishwa kiwandani na keekee haiingii. Usilazimishe, ilainishe kwanza motoni, nitaeleza chini.

Beringi je? Nimeambiwa ndiyo chuma bora kuliko vyote.

Kwa kisu, ndiyo inakaribia. Chuma cha kawaida cha beringi, Wajapani wanakiita SUJ2 na Wamarekani 52100, kina kaboni karibu asilimia 1 na kromiamu karibu asilimia 1.5. Kinashika makali kwa muda mrefu. Kisu cha kuparia na kupasulia samaki kilichotengenezwa hivyo kinanolewa mara chache sana. Ila kinadai uangalifu. Kikiwa chekundu iliyofifia ukakipiga, kinapasuka. Kikiwa cheupe, kimeharibika. Nafasi ya joto la kukifanyia kazi ni nyembamba, na chini ya nyundo kinakataa kwenda. Mwanafunzi aanze na springi.

Pia si kila beringi ni hiyo. Beringi kubwa za magurudumu ya lori, zile zenye roli za mshazari, nyingine ni chuma laini kilichogumishwa ngozi tu. Gusa ukingo wake kwenye grinda, kisha ukate uguse katikati ya unene wake. Cheche zikiwa nyingi nje na chache ndani, iache.

Vipi gia za gia boksi? Ni ngumu kweli kweli.

Ngumu ni ngozi. Gia nyingi za magari ni chuma cha kaboni kidogo kilicholishwa kaboni juu juu kiwandani, milimita moja hivi, ili meno yasilike haraka huku tumbo likibaki laini lisivunjike. Ukiipasha na kuifua, ngozi ile inaungua na kuchanganyika, unabaki na chuma kisichogumika. Hadithi ni hiyo hiyo kwa pini nyingi za pistoni.

Vyuma gani havifuliki kabisa?

Chuma cha kusubu, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu: dramu za breki, diski za breki, bloku ya injini, manifodi. Ukikipiga kikiwa cha moto kinasambaratika. Krenki shafti inaweza kuwa ya kufuliwa au ya kusubu. Ile ya kusubu ina mshono mwembamba wa kalibu, ile ya kufuliwa ina mshono mpana uliokatwa. Dramu ya lori usiipite lakini. Ikipakwa udongo wa mfinyanzi ndani, ikatobolewa chini na kuungwa bomba la upepo, ni tanuri zuri la kuanzia.

Nawezaje kusoma cheche za grinda?

Fanya kivulini au jioni. Jua la Tanga la saa saba linazifuta cheche zote. Bonyeza kidogo, kwa nguvu ile ile kila mara, na uwe na vipande viwili unavyovijua kwa hakika: chuma laini na tupa kuukuu. Hivyo ndivyo vipimo vyako.

Chuma laini kinatoa mistari mirefu, ya njano, iliyonyooka, yenye vipasuko vichache mwishoni. Tupa, yenye kaboni nyingi, inatoa mistari mifupi inayopasuka karibu kabisa na jiwe na kugawanyika matawi juu ya matawi. Springi iko katikati: mistari ya wastani, vipasuko vingi vyenye matawi. Chuma cha kusubu kinatoa cheche fupi, nyekundu iliyofifia, zinazokufa mapema. Chuma kisichoshika kutu kinatoa chache, fupi, rangi ya chungwa.

Cheche zinakuambia kiasi cha kaboni kwa makadirio. Hazikuambii kama chuma kitagumika kwenye mafuta au kwenye maji. Hilo linajulikana kwa kuvunja kipande.

Jaribio la kuvunja kipande linafanywaje?

Hili ndilo ningependa kila fundi alifanye kwa kila chuma kipya, hata kama muuzaji ni rafiki yake wa miaka mingi. Linamaliza mkaa kidogo na dakika chache, na linakuambia karibu yote.

Kata kijiti cha urefu wa kiganja na upana wa kidole. Kifue ncha yake mpaka iwe nyembamba, milimita tatu hivi. Ipashe ncha hiyo polepole huku ukiigusisha sumaku. Sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kwenye waya inatosha. Chuma kikifika karibu nyuzi 770 sumaku inaachia. Ongeza moto kidogo tu, rangi ikolee kidogo, kisha chovya kwenye mafuta yaliyopashwa.

Kikipoa, jaribu kwa tupa. Tupa ikiteleza bila kung'ata, chuma kimegumika. Sasa kibane kwenye jiliwa, kifunike kwa gunia lililokunjwa, vaa miwani, kigonge kwa nyundo. Kikikatika ghafla, kimekomaa. Kikipinda tu, chukua kijiti kingine cha chuma hicho hicho urudie kwa maji. Kikipinda tena, una chuma laini mkononi, kipeleke kwenye kazi ya koleo na bawaba.

Halafu tazama pale kilipokatika, na utazame kwa makini, kwa sababu hapo chuma kinakueleza ulivyokitendea. Uso wa kijivu, laini, usiong'aa, maana yake moto ulikuwa sawasawa. Uso wenye chenga zinazometameta kama sukari, maana yake ulikipasha mno, na zana uliyoitengeneza kwa moto huo itavunjika hivyo hivyo mikononi mwa mteja. Endelea na vijiti vingine mpaka uujue moto wako.

Sina kipima joto. Sumaku inatosha?

Inakufikisha karibu. Springi ya aina ya 5160 inataka nyuzi 815 hadi 845 kabla ya kuchovywa, na sumaku inaachia kwenye 770. Katikati ya hapo kuna msaada ambao upo kila jikoni: chumvi. Chumvi huyeyuka kwenye nyuzi 801. Nyunyiza punje chache juu ya chuma kikiwa motoni. Zikikaa punje, bado, na zikitandaa kama maji, umeivuka 801 na umebakiwa na hatua ndogo tu. Tumia chumvi safi ya mezani. Ile ghafi ya mashamba ya chumvi ya pwani ina chumvichumvi nyingine ndani yake zinazobadilisha kiwango hicho.

Na tanuri liwe kivulini, siku zote mahali pale pale. Wekundu unaouona mchana mahali pa wazi si ule utakaouona jioni, na jicho la mhunzi linazoea mwanga mmoja.

Nichovye kwenye nini? Oili chafu ipo bure kila gereji.

Iache huko huko gereji. Oili iliyotumika ina mabaki ya metali na kemikali, na moshi wake unauvuta wewe na jirani zako. Mafuta ya kula yanafanya kazi vizuri zaidi kwa springi: alizeti, nazi, hata yale yaliyokwisha kukaangia mihogo ukiyachuja vizuri. Yapashe kwanza hadi nyuzi 50 au 60, kiasi kwamba ukigusa chombo kwa nje huwezi kuacha kiganja juu yake. Mafuta ya vuguvugu ni mepesi, yanapoza haraka na kwa usawa kuliko ya baridi.

Chombo kiwe cha chuma, kirefu, chenye mfuniko wa chuma karibu. Mafuta yakishika moto funika. Usimwage maji hata tone. Chovya zana wima na uichezeshe juu na chini. Ukiichezesha kushoto na kulia upande mmoja unapoa kabla ya mwingine, na kisu kinatoka kimepinda.

Na maji ya bahari? Wazee wanasema yanafanya chuma kuwa kikali zaidi.

Wana sababu ya kusema hivyo. Chuma cha moto kikiingia majini kinajifunika blanketi la mvuke linalochelewesha kupoa, na chumvi inalivunja blanketi hilo. Kwa hiyo maji ya bahari yanapoza kwa kasi kuliko ya bomba. Kwa chuma cha kaboni kilicho rahisi, kwa mfano kichwa cha nyundo cha hafu shafti isiyo na kromiamu, kasi hiyo inasaidia. Kwa springi yenye kromiamu ni hatari: inagumika kwa mafuta, na kwenye maji ya chumvi inapasuka, mara nyingine kwa mlio unaousikia, mara nyingine kwa ufa mwembamba unaouona wiki ya pili. Wazee waliolisema hilo walikuwa wakifua chuma kingine.

Baada ya kugumisha, mbona zana inavunjika kama kioo?

Kwa sababu kazi haijaisha. Chuma kilichotoka kwenye mafuta kina ugumu uliopitiliza, lazima kirudishiwe moto kidogo, na kirudishiwe siku hiyo hiyo, mapema. Kisugue kwa msasa mpaka king'ae, kisha kipashe polepole kutokea upande wa mgongo au mpini, kwa mfano kwa kukilaza juu ya kipande kinene cha chuma kilichopashwa. Rangi zitatembea juu ya uso uliong'aa: njano hafifu karibu nyuzi 205, njano iliyokolea, kahawia karibu 250, zambarau karibu 280, bluu karibu 300. Rangi unayoitaka ikifika kwenye makali, poza.

Kisu kiishie kwenye njano iliyokolea. Patasi ya mbao kwenye kahawia. Tindo ya kukatia chuma baridi kwenye zambarau, maana inapigwa nyundo siku nzima, na kichwa chake unachokigonga kisigumishwe kabisa. Kichwa kigumu kinarusha vipande usoni.

Tezo ina maelezo yake, na hapa pwani ndiyo zana ninayoulizwa kuliko zote. Fundi anayechonga mbao mpya angependa makali magumu, ya kahawia. Lakini mafundi wengi wa mashua wanatengeneza vyombo vya zamani, na ndani ya ubao wa zamani kuna misumari. Tezo ya kahawia ikikutana na msumari inang'oka pengo, na pengo linakula nusu siku kwenye jiwe la kunolea. Ya zambarau inajikunja kidogo pale ilipogonga, na fundi anainyoosha kwa tupa huku amekaa ndani ya chombo. Muulize mteja anachonga nini kabla hujaamua rangi.

Springi ya zamani inaweza kuwa na ufa nisiouona?

Ndiyo, na hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mengine yote kwenye chuma cha gari. Springi inachoka. Nyufa zinaanza kwenye tundu la boliti ya katikati, karibu na jicho linaloshika bushi, na pale ncha ya springi ya chini ilipokuwa ikisugua ya juu. Hewa ya chumvi inaongeza yake: kila kishimo cha kutu ni mahali ufa unapoweza kuanzia.

Safisha kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Paka mafuta ya taa, acha nusu saa yapenye, futa pakavu kabisa, kisha sugua chaki nyeupe juu yote. Subiri. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yanapanda na kuchora mstari wenye unyevu kwenye chaki. Ukiuona mstari, kata mbali nao pande zote mbili.

Springi iliyovunjika yenyewe naiepuka. Ikikatika mahali pamoja, kuna mahali pengine palikuwa panajiandaa. Naichagua ile iliyotolewa kwa sababu imelala, mzigo umeishinda, lakini nzima.

Naikataje na kuilainisha?

Kata kwa grinda. Mtungi wa gesi unagumisha ukingo na kuacha nyufa ndogo; kama imeshakatwa kwa gesi, saga ukingo huo mpaka milimita kadhaa ziondoke. Usiinyooshe springi baridi kwa nyundo nzito, inaweza kukatika na kuruka.

Kuilainisha kwa keekee na tupa: ipashe mpaka sumaku iachie, kisha izike kwenye majivu makavu au chokaa kavu ya unga usiku kucha. Kipande kikiwa chembamba, kizike pamoja na kipande kingine kinene kilichopashwa ili joto lisiondoke haraka. Asubuhi tupa itang'ata.

Na baada ya kufua, kabla ya kugumisha, pasha mpaka sumaku iachie na uache ipoe hewani, mara tatu. Inaondoa mivutano ya nyundo na kurudisha chembe za chuma ziwe ndogo. Wengi wanairuka hatua hii kwa haraka ya kumaliza oda, halafu wanaulaumu ubora wa springi.

Koleo zangu nizitengeneze kwa springi ili zidumu?

Hapana. Koleo inashika chuma cha moto, inapata moto yenyewe, na fundi anaitumbukiza majini ipoe, mara nyingi kwa siku. Koleo ya springi ikifanyiwa hivyo inagumika bila wewe kukusudia, na siku moja mdomo unakatika ukiwa umeshika kilo mbili za chuma chekundu. Tumia chuma laini: fimbo ya milimita 16, au ukanda uliokatwa kwenye chasisi ya gari.

Nyundo na fuawe je?

Nyundo: kipande cha hafu shafti ya lori. Toboa tundu la mpini kikiwa cha moto, lipanue kwa kitoboleo, kisha gumisha nyuso mbili tu huku katikati, penye tundu, pakibaki laini. Rudishia moto mpaka kahawia au zambarau.

Fuawe: hafu shafti nzima ya lori iliyosimamishwa wima ndani ya gogo la mwembe, kichwa chake kipana kikiwa juu. Uso ni mdogo, ila uzito wote uko chini ya pigo na nyundo inarudi vizuri. Watu wengi wanataka kipande cha reli, na mji wetu una reli tangu ujenzi ulipoanza mwaka 1893. Reli ni chuma kizuri kweli, lakini ni mali ya umma. Usinunue kipande ambacho muuzaji hawezi kuonyesha kilikotoka kihalali.

Vitu gani kwenye gari vinaweza kuniumiza?

Shokapu: nyingi zina gesi iliyoshindiliwa na mafuta ndani. Usiitie motoni wala kuikata ikiwa nzima. Fimbo yake inayong'aa imepakwa kromiamu, na mvuke wa kromiamu ukiungua ni sumu.

Valvu za ekzosi: baadhi zina shina lenye uwazi uliojazwa sodiamu ili zipoe haraka. Sodiamu ikikutana na maji inalipuka. Huwezi kuijua kwa nje, basi usizikate wala kuzifua.

Chuma kilichopakwa zinki, boliti na vipande vya bodi: moshi wake mweupe unaleta homa na baridi ya mwili usiku ule. Kuna imani kubwa kwamba ukinywa maziwa umekingika. Maziwa hayazuii moshi kuingia mapafuni. Ondoa zinki kabla, au acha chuma hicho.

Springi ya koili iliyo bado kwenye shokapu yake imebanwa kwa nguvu ya kuua. Muachie fundi gari mwenye kibano aitoe. Vumbi la breki za zamani linaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo dramu ioshe kwa maji, usiipulize. Na mifuko ya hewa ya usukani usiiguse kabisa.

Naweza kuchomelea springi kwa mashine ya kawaida?

Ukiichomelea baridi kwa fimbo za kawaida, pembeni mwa mshono panakuwa pagumu na pakavu, na panakatika hapo. Kama hakuna budi, ipashe kwanza nyuzi 200 hadi 300, chomelea, kisha izike kwenye majivu ipoe polepole. Kwa zana inayopigwa nyundo sishauri.

Mkaa gani unafaa?

Mkaa wa miti migumu, uliochujwa vumbi. Sisi wa pwani tuna bahati ya vifuu: mkaa wa vifuu vya nazi ni mzito na una moto mkali, ila unaisha haraka chini ya upepo mwingi. Nauchanganya na wa miti ninapotaka moto wa kufulia, na natumia wa miti peke yake, kwa upepo mdogo, ninapogumisha.

Ununuzi wa chakavu una masharti?

Biashara ya kukusanya na kuuza vyuma chakavu inahitaji kibali cha mamlaka ya serikali inayosimamia mazingira, basi nunua kwa mwenye kibali na udai risiti inayotaja ulichonunua. Inakulinda siku polisi wanapofuatilia vifaa vilivyoibwa. Kwa mafunzo ya uhunzi, uchomeleaji na kuanzisha karakana, ofisi za SIDO na chuo cha VETA vipo hapa hapa Tanga.

Nitakumbukaje kipande kipi ni kipi karakana ikijaa?

Paka rangi mwisho wa kila chuma siku unayokinunua: rangi moja kwa kilichogumika kwenye mafuta, nyingine kwa cha maji, nyingine kwa kisichogumika. Kata ukianzia upande usio na rangi, ili alama ibaki mpaka kipande cha mwisho. Kile kijiti ulichokivunja kifunge kwa waya kwenye chuma chenyewe, uso uliokatika ukiwa umepakwa grisi usishike kutu, ili msaidizi wako naye autazame kabla ya kuwasha moto.